Mwaka Aliofiwa Batuli

Siku ya mwisho ya matanga ya mama, wanawake walipokuwa wakitandika mikeka ili hitma isomwe baada ya sala ya alasiri, alisimama mlangoni mwanamke mmoja mnene, mwenye buibui na miwani, amemshika bega msichana aliyekuwa naye. Sikumtambua kwa sura. Nilimtambua kwa pumzi: alisimama pale kizingitini akiivuta taratibu, kinywa wazi kidogo, macho yakiangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano. Nilimjua mtu mmoja tu aliyepumzika hivyo baada ya kutembea. Alikuwa Batuli, ambaye sikuwa nimemtia machoni tangu tulipokuwa wasichana wa skuli. Alipeana mikono na wazee, mmoja baada ya mmoja, akafika kwangu, akaketi, tukakumbatiana na kulia kama wanavyolia watu penye matanga, bila kujua hasa kila mmoja anamlilia nani. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio akaniambia, kwa sauti ya kusikika na mimi peke yangu: "Nimekuja kwa ajili ya mamako, Rukia. Katika nyumba hii yeye peke yake ndiye aliyeniambia kweli."

Nikamwambia ahsante, kwa sababu penye matanga mtu hujibu ahsante kwa kila neno. Mwaka ule alioukumbuka yeye naukumbuka na mimi, tena naukumbuka chumba kwa chumba, na katika mwaka ule hakuna aliyemdanganya Batuli kuliko mama yangu.

Watu wetu walitoka wapi na walifikaje kwenye nyumba ile, hayo hayana haja hapa. Sisi tulikaa chini, wao walikaa juu, katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale yenye ngazi moja ya mbao iliyosimama wima hata watoto wadogo walifunzwa kuishuka kinyumenyume. Juu kulikuwa na chumba cha kulala, sebule ndefu yenye madirisha mawili ya kuangalia mtaani, na jiko lililokuwa kubwa kuliko sebule yetu. Waliishi watu wawili tu, Bi Shemsa na bintiye Batuli. Babake Batuli alikwenda Arabuni zamani akapotelea huko, na Bi Shemsa hakumtaja kwa wema wala kwa ubaya. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kicheko kikubwa, aliyeshona kofia za mkono karibu na dirisha tangu jua linapoingia mpaka linapotoka. Mimi nilikuwa na kigugumizi. Kwetu chini, nilipokwama penye neno, mama alilimalizia yeye, upesi, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka njiani kabla wageni hawajakikanyaga. Hakufanya kwa ubaya; aliniona nikiteseka akataka kunipumzisha. Bi Shemsa hakulimalizia hata moja. Aliisimamisha sindano, akaniangalia, akangoja. Hata ningekawia vipi, alingoja, na neno lilipotoka alilijibu kama neno lolote la mtu yeyote, sindano ikaendelea. Kwa hiyo nilikuwa nikipanda juu kila siku. Nilimwambia Bi Shemsa mambo ambayo mama hakuyajua, si kwa kuwa yalikuwa siri, ila kwa kuwa yalikuwa marefu.

Jumamosi alitupikia mahamri na mbaazi za nazi, nasi tukala jikoni, mimi na Batuli tumekaa juu ya kinu kilicholazwa, Bi Shemsa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kukiwa na samaki mzuri alimpaka tui la nazi akamchoma, na kichwa akanipa mimi, kwa sababu Batuli hakupenda macho yake. Aliniita "mwanangu wa tini", yaani mwanawe wa chini, na wageni wasiojua walidhani ana mtoto mwengine. Kila alasiri alifungua redio kusikiliza matangazo ya vifo. Hilo lilimchekesha Batuli, lakini Bi Shemsa hakuona la kuchekesha. Walitajwa watu wa Taita, wa Ukambani, wa Lamu, Waislamu na Wakristo, marehemu fulani, mume wa fulani, mama wa fulani na fulani, naye aliwaitikia wote kwa dua ileile fupi. Akisikia mtu ameacha watoto wadogo, alitikisa kichwa. Nilimuuliza siku moja kwa nini anawasikiliza watu asiowajua. Alisema kwamba mtu akishatajwa, hata mara moja, ni vizuri pawe na mtu anayesikia.

Tulikuwa kidato cha tatu, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia. Asubuhi moja tuliitwa mimi na Batuli kutoka darasani, tukamkuta mama langoni, amejitanda leso, hana hata mkoba. Alisema kwamba Bi Shemsa ameshikwa na presha, amelazwa, na kwamba watoto hawaruhusiwi wodini. Batuli alitaka kwenda hata kama ni kusimama nje. Mama akasema tutakwenda kesho, leo tutalala kwa Khala Mize. Huyo alikuwa binti wa ami yake, aliyekaa Likoni. Kutoka skuli kwenda nyumbani kwetu ni mwendo mfupi. Tulipofika penye njia ya kwetu nilipinda kwa mazoea, mama akanishika kiwiko akanielekeza Feri. Katika kuvuka alisimama mbali na sisi, ametupa mgongo, ameshika chuma. Hilo nililistaajabia, maana mama aliogopa maji, na kila tulipovuka alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma. Siku ile aliyenishika alikuwa Batuli. Aliniuliza kama presha ni kitu cha kuua. Nikamwambia, kwa kukwamakwama, kwamba shangazi yangu ana presha miaka mingi na bado anafua nguo za nyumba nzima.

Nyumba ya Khala Mize ilikuwa na vyumba viwili na ua. Alitupikia wali wa nazi na pweza, akampakulia Batuli kuliko kila mtu, akakaa kumwangalia akila. Mimi nilitumwa jikoni kuchukua maji. Kabla sijaingia nilimsikia Khala akisema, "Si wao wanaongojewa kule?" Na mama akajibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nitamwambia nini, Mize? Nitaanzaje?" Nilidhani wanazungumzia hospitali. Nilidhani kuna dawa ghali, au upasuaji. Nilikuwa msichana mkubwa, msomaji, na kama mtu angenisomea mazungumzo hayo kwenye kitabu ningeyafahamu mara moja. Lakini mama alikuwa amesema Bi Shemsa amelazwa, na katika maisha yangu yote mama hajaniambia jambo likawa si hilo. Nikachukua maji nikarudi.

Jioni ilipokaribia, mume wa Khala alikuja akaichukua redio iliyokuwa kwenye rafu, akasema betri zimekwisha, akatoka nayo uani. Batuli alikuwa amejilaza ubavu kwenye mkeka. Akacheka peke yake, akasema, "Saa hizi mama huko aliko anawasumbua wauguzi wamfungulie matangazo ya vifo." Hakuna aliyecheka naye. Khala aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mama aliendelea kukunja leso yake, akaikunja ikawa ndogo, akaikunjua, akaanza tena. Mpaka leo, katika yote yaliyotokea mwaka ule, hicho ndicho kipande nisichoweza kukaa nacho. Mamake Batuli alikuwa ameshazikwa. Huenda jina lake lilikuwa likisomwa dakika ileile, na bintiye analifanyia mzaha, na watu wazima wawili wanamsikia.

Asubuhi tulirudi. Mama alitangulia, sisi nyuma. Tulipoingia mtaani kwetu, muuza kahawa aliyekaa pembeni mwa njia kila asubuhi aliinuka, akaweka birika chini, akamwambia Batuli, "Mungu akupe subira, mwanangu. Mamako alikuwa mtu wa watu." Alidhani Batuli anajua. Kila mtu mtaani alidhani anajua. Batuli aliuachia mkono wangu. Alisimama kidogo, akamwangalia mama mgongoni, kisha akakimbia, na nilipofika kwenye ngazi alikuwa ameshafika juu.

Juu pamejaa wanawake. Kitanda cha Bi Shemsa kimevuliwa shuka, godoro limekunjwa na kusimamishwa ukutani, dirisha wazi, na chumba kizima kinanuka udi. Jikoni wanawake nisiowajua walikuwa wakipika kwa masufuria yake, na mbuzi ya nazi imetiwa pahali si pake. Batuli alisimama katikati ya sebule. Aliuliza neno moja tu: "Yuwapi mamangu?" Mwanamke mmoja mzee, jamaa yao, alimvuta kwake akamwambia kwamba kashazikwa jana baada ya alasiri. Alimwambia kwamba alianguka asubuhi karibu na dirisha, kabla hata ya kutia uzi kwenye sindano. "Tulikungoja," alisema. "Mjomba wako aliizuia maiti kwa kadiri alivyoweza, upate kumwona. Hukuletwa." Mama alikuwa amefika mlangoni. Wanawake wote wakamwangalia. Yeye ndiye aliyetumwa skuli kutuleta. Lakini Batuli hakumwangalia mama, aliniangalia mimi.

"Wewe ulijua?"

Neno la kujibu lilikuwa jepesi, nami sikuweza kulitoa. Lilikwama pale kwenye sauti ya kwanza, nikalirudia, nikalirudia, uso unaniwaka, wanawake wanangoja, na kila nilivyozidi kukwama ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayetunga uongo. Nikamgeukia mama. Maneno yangu yote tangu nilipoanza kusema aliyamalizia yeye. Nilikuwa nimeyachukia hayo mwaka hata mwaka, na siku hiyo peke yake niliyataka. Alikuwa na haja ya kusema tu: huyu hakujua. Mama akaangalia sakafu, akasema, "Haya si ya kuulizana leo." Niliposema hatimaye "Sikujua", Batuli alikuwa ameshageuza uso, na sina hakika kama mtu yeyote alinisikia.

Kwa majirani mama alikuwa na jibu. Alisema mtoto ana pumu, alihofia akiona maiti atashikwa na kifua, wazikwe wawili. Watu walikubali. Mjomba Athmani, ndugu yake Bi Shemsa, aliyekuja kutoka Malindi, alikasirika kwa siku zile za matanga, kisha akanyamaza, kwa sababu mama aliwapikia wageni wake na kuwatandikia. Mimi mama hakunipa jibu lolote. Nilimuuliza usiku wa kwanza, akaniambia kwamba nikiwa mkubwa nitafahamu. Sasa mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye wakati ule, na nafahamu hivi: alitumwa kumletea msichana habari, akamwona langoni mwa skuli na sare yake na vitabu vyake, akashindwa kufungua kinywa. Akasema hospitali. Neno likishatoka halikurudi, na kila hatua aliyopiga kutoka pale ilibidi aipige kulifuata, mpaka akavuka maji asiyoyapenda. Hilo naweza kulielewa. Mwaka wote huo nililielewa nusu, na nusu hiyo ilinitosha kumhurumia.

Kilichonishinda ni kuona namna siku zilivyokwenda baada ya hapo, Batuli akiwa amebaki juu na yule jamaa yao mzee mpaka mwaka wa skuli uishe. Nilipanda juu na nakala za masomo, nikakuta mlango umerudishwa. Nilibisha, nikasikia pumzi ya Batuli ndani, hakufungua. Skuli alihamisha kiti akakaa mbele. Lakini mama alifunguliwa. Mama alipanda kila jioni na sahani iliyofunikwa kawa, akakaa mpaka giza linaingia, na nilipokaa chini ya ngazi nilisikia sauti zao, ya mama ya chini chini, ya Batuli ikilia, kisha kimya, na nilijua kwa kimya hicho kwamba kichwa cha Batuli kimelala mapajani mwa mama na mama anamsuka nywele. Aliyemdanganya alipewa mlango. Mimi niliyedanganywa pamoja naye nilikaa kwenye ngazi. Nilijiambia kwamba amempoteza mama, anatafuta mama, na mimi si mama, ni rafiki tu, na rafiki anaweza kungoja. Nilimwachia hata wivu wangu. Niliona ni kitu kidogo cha kumpa.

Na hakuna aliyenijia mimi. Nilikuwa nimempoteza mtu wa pekee aliyewahi kuningoja nimalize sentensi, na mchana mmoja nikiwa jikoni kwetu nikikuna nazi nililia mpaka nikashindwa kushika kifuu. Mama aliingia akaniambia, bila ukali, kwamba niache kulia kama mfiwa, kwa sababu mfiwa yuko juu na akinisikia nitamzidishia. Nikaacha. Nilijifunza kulia skulini, chooni, na huko ndiko alikonikuta Mwalimu Wanza. Alikuwa mwalimu wetu wa jiografia, mtu wa Ukambani, kijana bado, anayecheka kwa nadra. Hakunipeleka ofisini. Alinipeleka chumba cha ramani, akafunga mlango, akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia si mtu wangu, ni mama wa Batuli. Akasema, "Sikuuliza ni wa nani. Nimeuliza ni nani." Nikaanza kumweleza. Nilikwama sana, na yeye hakuwa na subira ya Bi Shemsa, mara mbili tatu alinisaidia neno akakosea, akaomba radhi. Lakini alirudi siku nyingine akauliza tena: alikuwa akipika nini, alikuwa akisema nini, sauti yake ilikuwaje. Akaniambia nisingoje kupewa ruhusa ya kumlilia mtu niliyempenda. Hakuna cheo cha ukoo kinachohitajika. Pia aliniambia kwamba Batuli akifungua mlango, nisimpe mashauri, nikae tu, na akiuliza jambo nimjibu lilivyo. Ushauri wa mwanzo niliufuata. Wa pili sikupata nafasi ya kuufuata.

Mwaka jana rafiki wa mjukuu wangu alifiwa na babake ghafla, huko Shimanzi, alikofanya kazi ya kupakia malori. Wazazi wa mjukuu wangu walitaka mtoto wao asiambiwe mpaka amalize mtihani wake wa wiki hiyo. Nikamchukua nikamketisha, nikamwambia: babake Salome amefariki leo, hakuugua, na sijui kwa nini yeye. Akaniuliza aende akamwambie nini. Nikamwambia aende tu, na kama anataka kulia, alie hukohuko mbele yake. Mwanangu alinikasirikia kwa siku kadhaa. Sikujali. Mtoto alikwenda, alikaa na mwenziwe kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba yao mpaka jioni, na aliporudi alisema hawakuzungumza sana. Nilimpa chakula, akala.

Mwaka ule wetu uliisha kwa Mjomba Athmani kuja kumchukua Batuli ahamie Malindi. Vyombo viliteremshwa, kinu na masufuria na kile kitanda kilichofunguliwa miguu. Nilisimama chini ya ngazi tangu asubuhi, nisimkose. Aliposhuka, wa mwisho, amebeba kasha la nyuzi la mamake, alisimama vidato viwili juu yangu. Amekonda, amesukwa vizuri, kazi ya mama. Nilikuwa nimejizoeza maneno yangu siku nyingi, hata nilidhani yatatoka mazima. Hakuningoja niyaanze. Alisema, "Mamako ashaniambia yote. Sina la kukuuliza tena." Akanipita.

Niliyachukua maneno yale nikaenda nayo maishani. Niliamini mama, katika jioni zile zote za sahani na chanuo, alikuwa hatimaye ameungama: kwamba alishindwa kusema, kwamba mimi sikujua. Niliamini nimesafishwa. Kwamba Batuli hakunikumbatia, kwamba salamu nilizozituma Malindi kwa watu hazikurudi, niliona ni kwa sababu nilikuwa nikimkumbusha siku ile, na kuna watu ambao huwezi kuwaangalia tena hata kama hawana kosa. Sikuwahi kumuuliza mama. Kigugumizi kilipungua nilipoolewa, kikabaki kidogo, na mama alizeeka mikononi mwangu. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimshika mkono mpaka pumzi ya mwisho, na katika muda wote huo nilimhesabia lile jambo moja jema: kwamba alikosa, kisha akalirekebisha.

Kwa hiyo Batuli aliponiambia pale kwenye mkeka kwamba mama peke yake ndiye aliyemwambia kweli, nilimjibu, baada ya ile ahsante, kwamba najua, na kwamba namshukuru Mungu kwa kuwa alimwambia.

"Kwa hiyo hukatai," alisema Batuli.

"Nikatae nini?"

Akanieleza, pole pole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusamehe. Mama alimwambia kwamba siku ile alikuwa anatuleta nyumbani moja kwa moja. Kwamba mimi ndiye niliyemsimamisha njiani, nikamshika leso nikalia, nikamwomba asimwambie Batuli, nikisema atashikwa na pumu na mimi nitashindwa kumtazama. Kwamba safari ya Likoni ilikuwa shauri langu. Mama alimwambia hayo akimsuka, akilia naye, akamwomba asinichukie, kwa kuwa nilikuwa mtoto na nilifanya kwa mapenzi. "Nilimpenda kwa hilo," Batuli alisema. "Kwamba alikuwa tayari kuniambia kweli hata kama inamuumbua mwanawe mwenyewe. Kila Idi nilimtumia kitambaa. Hakukwambia vinatoka kwangu?"

Mama alisema vinatoka kwa jamaa wa Lamu. Nilivishona mimi, vitambaa vile, nilimshonea kanzu.

Nilimwambia Batuli kwamba mimi sikujua lolote mpaka muuza kahawa alipoinuka. Sikuapa. Nilimweleza lile nililolisikia mlangoni mwa jiko la Khala Mize, na redio ilivyotolewa uani. Nikamkumbusha alivyosema kuhusu wauguzi na matangazo. Hapo akaweka mkono kinywani. Maneno yale hakuwahi kumhadithia mtu, alisema, kwa aibu, na alikuwa akijiambia miaka yote kwamba mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nikijua, nikamwacha ayaseme.

"Mbona hukunijibu siku ile nilipokuuliza?"

"Nilikujibu. Nilikawia."

Mbele yetu wanawake walikuwa wakigawana misahafu. Jirani mmoja alikuwa akimsifu mama kwa mwengine, kwamba Bi Swafiya katika mtaa huu alikuwa hana kona, kilichokuwa moyoni mwake ndicho kilichokuwa ulimini. Tulimsikia sote wawili. Nilihisi nikiondolewa kitu mikononi, si mama, mama alikuwa ameshakwenda, ila yule niliyemwogesha na kumlisha nikimdhania mwengine. Aliniona nikikaa kwenye ngazi jioni baada ya jioni. Alishuka akanipita, sahani tupu mkononi, na akajua kwa nini mlango haufunguliwi. Akaniambia, nakumbuka, kwamba nisihuzunike, Batuli atarudi kuwa rafiki yangu akiwa tayari.

Batuli akaonyesha kwa kidevu mlangoni, alikokaa yule msichana aliyekuja naye, mwembamba, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. "Ndiye kitindamimba wangu," alisema. "Anaitwa Swafiya."

Hatukusema zaidi, maana adhana ililia. Tulisali, tukakaa, hitma ikasomwa. Walipomaliza, mkubwa wa wanawake, ambaye alikuwa amesikia kwamba Batuli ni mwalimu wa madrasa huko Malindi, alimwomba atuongoze dua. Nilidhani atakataa. Hakukataa. Alisogea mbele, akainua mikono, na sauti yake ilikuwa nzuri, iliyotulia, sauti ya mtu aliyezoea watoto kumsikiliza. Aliwaombea Waislamu wote waliotangulia, kisha akaanza kuwataja wa nyumba ile. Alimtaja Shemsa binti Ali, akakaa kidogo penye jina hilo, na wale wazee waliomkumbuka Bi Shemsa wakaitikia kwa sauti kubwa. Kisha akafika penye jina la mama, aliyekuwa ndiye mwenye hitma, akanyamaza. Mikono ya wanawake ilikuwa juu, wakangoja. Msichana wake aliinua kichwa akamtazama kwa wasiwasi, labda akidhani kifua kimembana. Nilimwangalia Batuli, naye akaniangalia, na niliona kwamba hatalitaja.

Nikalitaja mimi. Nilisema Swafiya binti Salim, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, na wanawake wakaitikia amina. Katika zile amina zote niliisikiliza ya Batuli, sikuisikia.